Nani Ameleta Makala?

Kwenye riwaya ninazozipenda, moto huwaka wenyewe. Mtu anaingia kutoka kwenye baridi, anavua koti, na tayari kuna jiko, blanketi, supu na paka. Kufikia ukurasa wa pili ameshawekewa chai. Nimesoma nyingi za aina hii, riwaya za faraja, zile ambazo wachapishaji wa Ufaransa huzivalisha majalada ya rangi ya peremende, na hadi leo sijakutana na mhusika aliyeinama kupuliza moto mpaka machozi yakamtoka. Makala, au makaa kama wanavyosema watu wa pwani, hayana alikoyatoa mtu. Yapo tu.

Mtu wa Lubumbashi hapiti hapo bila kusita. Walio mbali wakisikia Kongo hudhani sote tunatokwa jasho msituni mwaka mzima. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Alfajiri unawakuta walinzi wamejiviringisha blanketi, na mama wa vitumbula ana kofia ya sufu na soksi ndani ya kandambili. Huo ndio msimu ninaosoma zaidi. Nafanya kazi kwenye duka la dawa, na zamu ya usiku wa Julai haiishi: mlango wa chuma umefungwa, tunahudumia kwa kidirisha, wateja wanakuja mmojammoja, umeme unakatika unavyopenda, na simu yangu ina vitabu vingi kuliko kabati zima la shule niliyosoma.

Kwenye kidirisha hicho ndipo mama mmoja alipokuja kabla hapajapambazuka vizuri, akataka vidonge vya kutuliza maumivu vya kutosha familia.

“Kichwa inatuluma shiye bote, hata mutoto.”

Nikamuuliza mbabula, lile jiko la makala, ililala wapi. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za chumbani kwake, na kweli ndizo nilizouliza. Ililala ndani. Baridi ilikuwa kali, makala yalikuwa bado mekundu, kwa hiyo wakaiingiza, wakafunga dirisha, wakaziba chini ya mlango kwa kitambaa. Sikumuuzia kidonge. Nilimwambia awatoe watu wote nje, afungue kila kitu, na awapeleke hospitali, akianza na yule mtoto. Wengine wanaolala hivyo hawaamki kuja kununua dawa. Makala yakiungua kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hung’ang’ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Aliyelala hasikii kitu. Anazidi kulala.

Alipoondoka nilirudi kwenye simu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo ndugu wawili waliokosana wanapatana mbele ya moto, theluji nje, madirisha yote yamefungwa. Mwandishi aliifanya kazi yake vizuri, maneno yalikuwa matamu, na mimi nilikuwa natafuta dohani. Najua ipo. Nyumba za huko zina dohani, na sidai riwaya ya mapenzi na mikate isimame kunifundisha mambo ya hewa. Lakini tangu asubuhi ile nimekuwa msomaji wa namna nyingine. Faraja bado naitaka, tena sana, ila nataka nimwone aliyeleta makala.

Kuna ambazo siku hizi sizimalizi. Chukua ile hadithi inayorudiwa kila mwaka kwa jalada jipya: msichana wa mji mkubwa amechoshwa na kazi na mchumba, inamfikia barua kwamba shangazi yake wa kijijini amefariki akamwachia duka la mikate. Anafunga mizigo, anafika, ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Hapo kicheko hunitoka hata kama niko kwenye teksi-basi katikati ya watu. Shangazi amekufa, ana duka, na aliyefika mlangoni ni mtu mmoja? Wako wapi waliohesabu viti kabla matanga hayajaisha? Nani alikuwa wa kwanza kuuliza hati za nyumba? Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, imeandikwa wazi, na pamoja na hayo hakuna mtaa hapa usio na yatima aliyetolewa kwenye lupango, yaani kiwanja na nyumba, la baba yake. Sasa huyu mpwa, ambaye hata mazishi hakuhudhuria, anaoka keki ya limau kufikia sura ya tatu. Nafunga kitabu. Naweza kuamini joka linalozungumza. Duka lisilo na ukoo limenishinda.

Ila nisionekane mtu wa kukosoa tu. Zipo zilizonishika, na mahali ziliponishikia mara nyingi si pale mwandishi alipopatayarisha.

Ove, kwa mfano. Riwaya ya Fredrik Backman ilitoka Uswidi mwaka 2012. Nasikia mzee huyo alianzia kwenye blogu ya mwandishi kabla hajawa kitabu, jambo linalonipa moyo mimi ninayeandika hapa. Ove ana miaka 59, mkewe amefariki, kazini wamemwambia apumzike, na ameamua kwamba maisha yake yamekwisha. Kila akijiandaa kuondoka duniani mtu anamgongea: mara jirani anataka ngazi, mara jirani anataka kupelekwa hospitali. Jirani huyo hasa ni Parvaneh, mzaliwa wa Iran, mjamzito, mwenye watoto wawili na mume asiyeweza kurudisha trela nyuma bila kugonga kitu. Anakuja bila miadi, na chakula mkononi.

Nadhani msomaji wa Stockholm hupenda kuona upweke wa Ove ukipona. Mimi kurasa za mwanzo nilizisoma nikiuonea wivu upweke wenyewe. Mtu ana nyumba yake, kahawa yake, ukimya wake, na asubuhi anazunguka kukagua kama magari yameegeshwa kihalali na takataka zimetenganishwa! Kwenye lupango letu tuko familia nne na bomba moja. Kugongewa mlango kungekuwa heshima. Kwetu mtu huita hodi akiwa ameshakaa kwenye kiti. Parvaneh tunao, tena si mmoja, na wote wana shida ya leo leo: mtoto amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo, chumvi imekwisha, nisomee karatasi hii ya daktari. Waandishi wa riwaya hizi wanaandika dawa ya ugonjwa ambao mimi sijawahi kupata nafasi ya kuugua. Kwa hiyo nilikuwa nasoma kinyume. Walikuwa wananiongoza kuelekea kwenye meza kubwa ya mwisho iliyojaa watu, nami nikawa nakokota miguu, nataka tubaki kidogo mle jikoni ambamo hakuna anayesema.

Halafu nikafika mahali panaposimulia ujana wake. Baba yake Ove ni mfanyakazi wa reli, na anakufa kazini. Kijana ana miaka 16. Mshahara wa marehemu umelipwa wa mwezi mzima, na Ove anakwenda kuurudisha ule wa siku ambazo baba hakuzifikia.

Nilimsimulia mwenzangu wa zamu. Akaniangalia, akasema, “Yaya, si ulisema hicho si kitabu cha uchawi?”

Tulicheka mpaka mteja akagonga kidirisha. Baadaye, peke yangu, nililia. Baba yangu naye alikuwa mtu wa kazi ya mikono, miaka mingi kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja, na alipofariki sisi ndio tuliokwenda na faili, ofisi hii mpaka ile, kudai malimbikizo ya mishahara yake. Rudi kesho. Mkuu hayupo. Leteni nakala nyingine. Sasa huyu mtoto wa Uswidi anasimama mbele ya mkurugenzi na pesa mkononi, anasema hizi si zetu. Sijui kama Backman alitaka mtu alie hapo. Ni tukio fupi, linapita. Kwangu ndipo kitabu kilipopata sakafu. Nikaelewa mzee huyu anakagua nini kila asubuhi. Nikamkubalia hata ile meza ya mwisho.

Katika riwaya zote za aina hii iliyo karibu nasi kwa njia ya barabara ni ile ya Mma Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone. Alexander McCall Smith alizaliwa Bulawayo, akafundisha sheria Botswana, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1998. Nilikinunua kwa Kifaransa kwa wauza vitabu wa chini, wale wanaotandaza turubai katikati ya mji na kukutajia bei kwa kutazama viatu vyako. Marafiki zangu waliosoma zaidi hawampendi. Wanasema ni Afrika iliyopigwa pasi, watu wote wana adabu, jua zuri, chai ya majani mekundu, na kesi ikiwa ngumu sana ni ya mume aliyepotea. Nawaelewa. Kuna kurasa ambazo hata mimi nilitamani mtu atukane kidogo.

Lakini nadhani wengi wao waliishia kwenye jalada. Ndani ya kitabu hicho hicho kuna mume anayempiga mke, mtoto mchanga anayekufa baada ya siku chache, na mvulana aliyetekwa kwa ajili ya dawa za kichawi. Na kuna Obed, baba yake Mma Ramotswe, ambaye anapewa nafasi ya kusimulia kwa sauti yake mwenyewe. Alikwenda migodi ya Afrika Kusini, akashuka chini ya ardhi, akarudi na mapafu yaliyoharibika na pesa alizonunulia ng’ombe. Akiwa amefariki, ng’ombe wale wanauzwa, na kwa pesa hizo binti anafungua ofisi: meza, viti, simu, birika la chai.

Yule hapo aliyeleta makala. Kila kikombe kinachonywewa kwenye ofisi ile kimelipiwa na kifua cha mchimbaji, na kitabu hakifichi. Kimetangulia kukwambia, kisha kinakuachia unywe chai. Mji huu umejengwa kwa pesa za namna hiyo. Nani hapa hana baba au babu ambaye kikohozi chake kililipa karo ya mtu? Tunaishi tukiutazama ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na dohani yake ndefu, wageni wanapiga picha, sisi tunautumia kumwelekeza dereva. Nilipokuwa nasoma Obed nilisikia mtu akikohoa nyuma ya ukuta wa chumba chetu cha zamani, na bado nilijisikia vizuri. Naomba hilo lieleweke: nilijisikia vizuri. Kitabu kilichojaa mapafu mabovu kilinipa usingizi mzuri kuliko vile vya keki ya limau.

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Anachukua shaba hapa, anavuka mpakani Kasumbalesa, anaishusha Zambia yote mpaka Kazungula, ambako tangu mwaka 2021 kuna daraja juu ya Zambezi na si kivuko tena, kisha anaikata Botswana kwa Nata na Francistown. Nilimuuliza nchi ile ikoje, nikitarajia mambo ya adabu na chai. “Ng’ombe,” akasema. Wanalala barabarani usiku kwa sababu lami ina joto, na ukimgonga mmoja safari yako imeharibika. Ndicho alichonacho cha kusema kuhusu Botswana. Nilifurahi kupita kiasi. Ng’ombe wa Obed wapo.

Tangu hapo nimekuwa nawaza kuhusu sebule ya babu. Watu wa umri wangu waliokulia hapa wataijua bila kuelezwa: viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, maua ya plastiki, redio iliyofunikwa, na ukutani picha za kuchorwa kwa rangi ya mafuta juu ya gunia la unga. Kulikuwa na mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu anayempa mtu utajiri kwa masharti mabaya. Na kulikuwa na ile ambayo tulikuwa tunaiita tu Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi ameinua kiboko, mzungu amesimama anatazama, wafungwa wengine wanabeba maji. Wachoraji wa hapa walizitoa nyingi sana miaka ya 1970. Tshibumba Kanda Matulu ndiye aliyekuja kujulikana duniani, kwa sababu alichora historia nzima ya nchi kwa ajili ya mtafiti aliyekuwa hapa, lakini walikuwapo wengi ambao majina yao yameishia kwenye kona ya picha, na picha yenyewe imeliwa na mchwa.

Na picha hizo hazikuwa za makumbusho. Zilitundikwa mahali pazuri kuliko pote nyumbani, juu ya kiti cha mgeni. Tulikula bukari na sombe chini ya mtu anayepigwa viboko. Sherehe za ubatizo zilipigwa picha hapo. Hakuna aliyepoteza hamu ya kula. Vile vitambaa vyeupe bibi alijifunza kuvishona kwenye kituo cha akina mama cha Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kuweka nyumba jinsi kampuni ilivyopenda ziwe. Posho ya unga ilitoka hukohuko. Kitambaa na kiboko vilikuwa chumba kimoja, na bibi alivipangusa vumbi vyote viwili Jumamosi asubuhi. Sikumbuki chumba kilichokuwa na raha kuliko kile.

Msomaji aliyekulia kwenye sebule hiyo ataridhishwaje na riwaya ambayo kuta zake ni nyeupe tu? Inaniacha na baridi. Nakaa ndani yake nikiwa na shaka, nageuka nyuma nyuma, kwa sababu mtu ameondoa kitu na alama ya msumari bado ipo.

Nimalizie na Wajapani, maana ndio wanaozunguka sasa kwenye simu za wenzangu wote. Kitabu cha Toshikazu Kawaguchi, kilichotoka kwao mwaka 2015, kilianza kama mchezo wa jukwaani, na unaona: karibu kila kitu kinatokea kwenye mkahawa mmoja mdogo wa chini ya ardhi, Tokyo. Kuna kiti ambacho ukikikalia unarudi wakati uliopita, lakini masharti ni mengi kuliko ya benki. Kiti kina mzimu wa mwanamke, lazima usubiri aende chooni. Huwezi kukutana na mtu ambaye hajawahi kufika kwenye mkahawa huo. Lazima unywe kahawa yote kabla haijapoa. Na lolote utakalofanya huko, mambo ya leo hayabadiliki. Aliyekufa atabaki amekufa.

Nilitarajia kuudhika, nikakuta ni kinyume. Masharti hayo ndiyo makala yenyewe. Mwandishi amekwambia bei kabla hujaketi. (Kwa baridi yetu ya Julai mtu angekuwa na dakika chache sana, nimelifikiria hilo usiku nikiwa na kikombe mkononi. Na baba hakuwahi kuingia kwenye mkahawa wowote, kwa hiyo sharti la mkahawa lingeshanitoa mlangoni.)

Ninachobishana nacho ni hadithi ya Kohtake. Ni muuguzi, na mume wake Fusagi anapoteza kumbukumbu mpaka amemsahau yeye mwenyewe. Anarudi nyuma kuchukua barua ambayo mume alimwandikia alipojua ugonjwa unakuja, na ndani yake anamwomba: mbele yangu usiwe muuguzi, uwe mke wangu. Mwenzangu wa zamu alisoma hapo akafuta macho kwa koti la kazi. Anasema ndiyo barua nzuri kuliko zote alizowahi kusoma. Mimi nasema Fusagi hajui anachoomba. Naona wake za wagonjwa kwenye kidirisha kila wiki. Wanakuja na kikaratasi, wanajua kidonge cha asubuhi na cha usiku, wanajua kipi kinamkosesha mzee haja na kipi kinamfanya aongee na kuta, wananiuliza kama kinaweza kusagwa kwenye uji kwa sababu amekataa kumeza. Sijaona bado alipo mke hapo na alipo muuguzi. Kawaguchi angetuongezea kurasa mbili tu, za Kohtake akimgeuza Fusagi kitandani, anambadilisha shuka, anarudi kuosha mikono. Mwenzangu anasema kurasa hizo zingeharibu kitabu. Mimi hizo ndizo ningeanza nazo.